Usingizi Uliovurugika na Ndoto katika Hadithi Fupi: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi

Msomaji wa hadithi fupi ameshachoka na neno "kumbe". Mhusika anafukuzwa, anatumbukia shimoni, anazikwa angali hai, halafu anagutuka jasho likimtiririka: kumbe alikuwa akiota. Msomaji aliyekwisha kumhurumia anaona amechezewa, na ana haki. Hadithi yenyewe ina kurasa nane au kumi tu, na mbili kati ya hizo zimetumika kusimulia jambo ambalo halikutokea.

Hata hivyo sikubaliani na wanaowashauri waandishi wachanga waache kabisa kuandika ndoto. Watu wetu wanaota na kusimuliana asubuhi, wanaahirisha safari kwa sababu ya ndoto, wanatoa sadaka, wanampigia simu mjomba aliyeko mbali kuuliza kama ni mzima. Na wanaokesha ni wengi: mmoja anakesha kwa deni, mwingine kwa mgonjwa, mwingine kwa mume ambaye hajarudi. Ukiyafungia haya nje ya hadithi umewafungia nje na wenye nayo.

Ninalolisimamia ni hili: usingizi uliovurugika ni tukio la mwili, lina saa yake, chanzo chake na madhara yake kesho yake. Nayo ndoto inastahili kuwamo pale tu ambapo kuna mtu aliye macho atakayefanya jambo kwa sababu yake. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Shabani ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Usiku mmoja alisinzia lindoni na nyaya za shaba zikaibwa. Alipoulizwa alisema alikuwa macho muda wote. Aliyefukuzwa kazi ni Musa, kijana waliyekuwa zamu moja. Tangu hapo Shabani halali vizuri.

Hatua ya kwanza: jua mhusika anasumbuliwa na nini hasa

"Hakupata usingizi" haitoshi. Yako matatizo mengi ya usingizi na kila moja lina hadithi yake.

Yuko anayepanda kitandani saa nne na usingizi usije mpaka saa nane. Huyu mara nyingi anaogopa jambo lililo mbele yake. Yuko anayepitiwa na usingizi upesi, kisha akaamka saa tisa usiku asipate tena hata lepe; huyu mara nyingi amebeba huzuni. Madaktari huhesabu kukosa usingizi kuwa tatizo sugu pale linapomtokea mtu angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo mhusika aliyekesha usiku mmoja kabla ya mtihani si mgonjwa, na usimwandike kama mgonjwa.

Kukoroma tumezoea kukuchekea. Lakini yuko mtu anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi, kisha akavuta pumzi kwa kishindo kama anayekabwa. Njia ya hewa kooni imeziba, na jambo hilo linaweza kujirudia mara nyingi sana usiku mmoja. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia hata akiwa kwenye usukani. Yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni mkewe, aliyelala akikisikiliza kile kimya, akingoja kiishe. Sijui kwa nini hadithi ya mke huyu haiandikwi mara nyingi zaidi; mambo yote yanayohitajiwa na hadithi fupi yamo mle ndani.

Kwa watoto, tenganisha mambo mawili. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka kabisa, anakutambua, anakwambia ameona nini, na anaogopa kurudi kulala. Mtoto aliyepatwa na kitisho cha usingizini hupiga ukelele, macho yamefumbuka, moyo unamwenda mbio, wala hakutambui hata ukimwita kwa jina. Baada ya dakika chache analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Hapo aliyebaki na hofu ni mzazi. Anayetembea usingizini yuko karibu na hali hii ya pili: macho wazi, miguu inakwenda, kumbukumbu hakuna. Ukimwandika akinyoosha mikono mbele kama kipofu, umeiga filamu.

Homa kali, iwe ya malaria au nyingine, huweza kumfanya mtu aweweseke. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hupindua usiku na mchana: mgonjwa anasinzia jua likiwaka na kukesha wenzake wakilala. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na mwandishi wa hadithi za kihistoria ana mengi ya kuchimba pale.

Ziko pia dawa. Efavirenz ilitumika kwa miaka mingi kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI, nayo ilijulikana kwa kuleta kizunguzungu na ndoto kali, zenye rangi na sauti kuliko za kawaida. Ndiyo maana wagonjwa walishauriwa kuinywa wakati wa kulala. Kuanzia 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir itangulizwe mahali pake. Sasa fikiria hadithi ya mwaka 2010: mume amewaficha watu wa nyumbani vidonge vyake, lakini hawezi kuzificha ndoto. Ukiiandika, iandike kwa uangalifu. Msomaji mmojawapo anakunywa dawa za aina hiyo, na hadithi yako isiwe sababu ya yeye kuziacha.

Chagua tatizo moja. Mhusika mwenye jinamizi, kutembea usingizini na kuweweseka kwa pamoja ataonekana amekusanyiwa kila kilichopatikana. Kwa Shabani nimechagua usingizi uliokatikakatika wa mtu wa zamu, na maneno yanayomtoka akiwa usingizini.

Hatua ya pili: panga saa kabla ya kuandika sentensi

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba wanaoamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husema walikuwa wakiota. Leo inafahamika kuwa usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na mtu mzima hupitia minne hadi sita kwa usiku. Sehemu ya kwanza ya usiku hutawaliwa na usingizi mzito, ule wa pono. Kadiri alfajiri inavyokaribia, vipindi vya ndoto hurefuka.

Mwandishi anapata ratiba. Mhusika aliyelala saa nne usiku, kitisho cha usingizini au kutembea kwake kutokee kati ya saa tano na saa saba. Ndoto ndefu yenye watu na safari ikae kati ya saa tisa na adhana ya alfajiri. Ukimwandika mtu aliyelala saa nne akigutuka saa nne na nusu kutoka kwenye ndoto yenye sura tatu, msomaji anaweza asijue kosa liko wapi, ila ataona kitu hakijakaa sawa.

Saa inakusaidia pia kwenye chanzo cha mkasa. Joto la mwili hushuka kabisa kuelekea saa kumi usiku, na hapo ndipo usingizi humlemea mtu wa zamu hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Kwa hiyo Shabani alisinzia saa kumi. Sikuhitaji kumfanya mlevi wala mvivu. Hatia yake inauma zaidi kwa sababu hakuwa mzembe. Alizidiwa na mwili, kisha akasema uongo kwa hiari yake. Kosa la kweli liko kwenye uongo.

Andika ratiba pembeni, kwenye karatasi: alitoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, akafika nyumbani saa mbili, akala, akajilaza saa tatu, akaota karibu na saa saba mchana. Hata kama saa hizo hazitatajwa kwenye hadithi, jua lililoingia dirishani litakuwa la saa inayostahili.

Hatua ya tatu: mlaze mahali panapojulikana

Mhusika analala wapi, na nani, juu ya nini? Godoro la sponji lililobonyea katikati humsukuma mtu kwa mwenzake. Kitanda cha kamba hulia anapogeuka. Ndani ya chandarua mbu mmoja tu anatosha. Umeme ukikatika feni inasimama, na kile kimya cha feni humwamsha mtu kuliko kelele. Vyumba vingi vya kupanga vimetenganishwa na ukuta usiofika paa, kwa hiyo jirani anasikia unapokohoa, unapolia, unapotaja jina la mtu usingizini.

Jambo hili la mwisho ni hazina. Kwenye hadithi nyingi za nchi za baridi mtu aliyekosa usingizi yuko peke yake, anatazama dari. Kwetu ni nadra kuwa peke yake. Kuna mtoto miguuni, dada upande wa pili wa pazia, mpangaji anayerudi na bodaboda, ngoma ya kigodoro mtaa wa tatu mpaka majogoo. Anayekesha anakesha kwa siri, akijizuia kugeuka asije akaulizwa. Na mwenziwe naye huenda yuko macho, amenyamaza vilevile. Watu wawili walio macho kitanda kimoja, kila mmoja akijifanya amelala, wanatosha kubeba hadithi bila ndoto yoyote.

Anayelala mchana ana adha zake: bati limepata moto, watoto wanacheza mdako barazani, redio ya jirani ipo kwenye taarifa ya habari, muuza samaki anapita akiita. Shabani amefunika macho kwa kanga ya mkewe. Kanga ina harufu ya vitunguu. Basi, inatosha, chumba kikishapata vitu viwili vitatu vya kweli, kiache.

Hatua ya nne: andika kukesha bila kumchosha msomaji

Saa sita za kukesha haziandikwi saa sita. Ugumu wake ni kwamba kukesha ni kurudiarudia: wazo lilelile, hesabu ileile ya deni. Ukilirudia wazo mara tano msomaji ataruka mistari. Lifanye libadilike kidogo kila linaporudi, na libadilike kuelekea ukweli. Usiku unapoanza Shabani anajiambia, "Nilifumba macho tu." Saa baadaye: "Nilisinzia kidogo." Kabla ya mapambazuko: "Nililala." Sentensi tatu zimetosha kuubeba usiku mzima, nasi tumemwona mtu akijikaribia.

Mtu aliyenyimwa usingizi kwa siku nyingi usimwandike akipiga makelele kama aliyepandwa na wazimu. Mwezi Januari 1964 kijana wa miaka 17, Randy Gardner wa San Diego, Marekani, alimaliza saa 264 bila kulala, yaani siku 11, huku watafiti wakimfuatilia. Siku ya nne alidhani kibao cha barabarani ni mtu. Karibu na mwisho aliambiwa atoe saba kutoka 100, na aendelee kutoa saba kila mara. Alifika 65 akanyamaza. Alipoulizwa kwa nini amesimama, alisema amesahau alichokuwa akifanya.

Angalia ule ukimya wa kwenye 65. Unatisha kuliko ukelele wowote. Mnyime mhusika wako usingizi kwa kumwondolea vitu vidogo: anasahau neno "kijiko", anatia chumvi chai, anacheka mahali pa kulia na kulia mahali pa kucheka, anasoma ujumbe wa simu mara nne bila kuuelewa. Hasira za karibu, macho mekundu, mikono inayotetemeka. Hayo ndiyo yanayoonwa na watu wanaoishi naye, na wao ndio mashahidi wazuri zaidi wa hadithi yako.

Hatua ya tano: ndoto yenyewe

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo hadithi nyingi hufia.

Kwanza urefu. Kwa hadithi ya maneno 2,500, ndoto isizidi maneno 150. Ikihitaji zaidi, huenda ndoto hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na inafaa uiandike upya bila kitanda.

Pili, malighafi yake. Ndoto haitoki kwenye ghala la mazimwi. Inatoka kwenye vitu ambavyo mhusika amevishika juzi na jana, vikapangwa vibaya. Kabla ya kuandika, orodhesha vitu saba au vinane ambavyo msomaji ameshaviona kwenye kurasa zilizotangulia: geti, kufuli, kutu, mkeka, ugali, ndoo, kabati. Ndoto ijengwe kwa hivyo tu. Kitu kigeni kinachozuka ndotoni kwa mara ya kwanza hakina uzito, kwa sababu msomaji hajui kabla ya hapo kilikuwa nini.

Tatu, mwotaji hashangai. Mtu akiwa katika kipindi cha ndoto, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kupima na kuhoji hufanya kazi kidogo. Marehemu anakuja kunywa chai na hakuna anayeuliza. Nyumba ni ya kwenu ila madirisha ni ya shule, sawa tu. Ukiandika "Shabani alishangaa sana kuona...", umeshamwamsha. Mshangao uachie msomaji.

Nne, sarufi. Kiswahili kimetupa chombo kinachofaa kazi hii kuliko lugha nyingi: -ka-. Akaenda, akaona, akawa, ikageuka. Inapanga matukio kwa kufuatana tu, bila kueleza moja limesababishwaje na jingine, na ndoto inakwenda hivyohivyo. Ndani ya ndoto ondoa "kwa sababu", "kwa hiyo" na "ili". Mtu akiamka, virudishe. Msomaji ataona ameingia kwenye ulimwengu wa sababu bila kuambiwa. Ukitaka ndoto inayojirudia kila usiku, hu- inafaa: "Musa huja, huketi, hula." Ila usichanganye hu- na -ka- ovyo kwenye aya moja.

Tano, hisia za mwili. Ndoto ni ya macho kwanza, halafu masikio. Harufu na ladha ni nadra. Ukiweka harufu, iwe imeingia kutoka chumbani, kama ile ya vitunguu kwenye kanga.

Sasa tulinganishe. Rasimu ya aina hii huonekana mara kwa mara:

"Shabani aliota yuko katika msitu wenye giza totoro. Joka kubwa lenye vichwa saba lilimkimbiza huku likicheka kicheko cha kutisha. Alishangaa kuona miguu yake haiendi. Alipofika ukingoni mwa shimo lisilo na mwisho alipiga ukelele, akaamka huku jasho jembamba likimtoka."

Joka lile angeweza kuliota mtu yeyote. Haliijui hadithi hii. Ijaribu hivi:

"Musa alikuwa mkekani, anakula ugali wao. Shabani akamwambia karibu. Musa akasema ameshakaribia. Wakala. Tonge la Musa likawa halipungui, na mkono wake una kutu mpaka kiwikoni. Shabani akainuka kumtafutia maji ya kunawa, akafungua kabati, kabati likawa geti la ghala, akalisukuma, likawa jepesi, halina kufuli. Nyuma yake Musa akauliza kwa adabu, 'Kaka, uko macho?' Shabani akajibu, 'Niko macho, Musa. Niko macho muda wote.'

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

'Baba Asha,' alisema, 'Musa ndiye nani?'"

Hakuna kinachotisha ndani ya ndoto ile, ila adabu ya Musa inamkaba mtu. Jibu la Shabani ni uongo uleule aliousema kazini, na safari hii umetoka kwa sauti, chumbani, mbele ya mkewe. Ndoto imetoka kichwani mwa mwotaji ikamfikia mtu aliye macho. Kuanzia hapo hadithi ni ya Mwajuma: atauliza, ataambiwa nusu, atakwenda kuitafuta nusu ya pili.

Tazama pia tulivyoingia. Hakuna "akaanza kuota". Sentensi iliyotangulia ilimwacha Shabani na kanga usoni. Inayofuata ina Musa mkekani. Msomaji anaweza kupotea kwa mstari mmoja, si zaidi, kwani "mkono wake una kutu" unamwambia alipo. Kupotea kwa mstari mmoja ni raha. Kupotezwa kwa kurasa mbili kisha kuambiwa ilikuwa ndoto ni hasara.

Hatua ya sita: jinamizi linahitaji mkono wa uangalifu

Jinamizi linajulikana pande zetu zote. Unaamka, unaona chumba, unamwona mwenzio, lakini huwezi kusogeza hata kidole, kifua kimelemewa, na kuna mtu, au kitu, karibu nawe. Chanzo chake kinaeleweka: wakati wa ndoto mwili hulegezwa usitende yanayootwa, na mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, na hutokea zaidi kwa anayelala chali na kwa mwenye ratiba iliyovurugika. Macho huweza kuzunguka. Sauti haitoki. Kwa mwandishi haya ni maelezo ya thamani: mpe mhusika macho tu, mnyime mengine yote.

Lakini maelezo ya mwili hayamalizi habari, kwani aliyekabwa humpa mkabaji jina. Zanzibar mkabaji aliitwa Popobawa. Habari zake zilisimuliwa Pemba katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, zikavuma zaidi Pemba na Unguja mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Watu walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Ilisemwa kwamba humwamuru aliyemdhalilisha awasimulie wengine, la sivyo atarudi. Na katika hofu ile mtu mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Ninamtaja marehemu huyo kwa makusudi. Ukiandika hadithi ya jinamizi ambamo mwishoni bibi jirani anathibitika kuwa ndiye mkabaji, unacheza na jambo lililokwisha kutoa roho za watu. Vikongwe wengi wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi. Andika hofu ya mtaa kwa ukweli wake wote, andika moto na watu waliojikunyata kuuzunguka, lakini usiitie muhuri tuhuma.

Hatua ya saba: amua ndoto inasimuliwa kwa nani

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, Yusufu anawasimulia ndugu zake ndoto zake, nao wanazidi kumchukia. Katika Sura Yusuf, babake anamwonya asiwasimulie. Ndoto yenyewe ni fupi mno: nyota kumi na moja, jua na mwezi, vinamsujudia. Kinachosukuma kisa ni nani kasikia.

Mila zetu zina kanuni za jambo hili, na kila kanuni ni nafasi ya tukio. Muislamu aliyeota vibaya amefundishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema mate kidogo kushoto mara tatu, kugeuka ubavu, na kutomsimulia mtu. Mkristo mwingine atampelekea mchungaji ili iombewe. Mwingine atakwenda kwa mtu anayeagua ndoto. Mwandishi ajiulize: mhusika wangu ameivunja kanuni ipi? Mwanamke aliyefundishwa kunyamaza akaamua kusimulia amekwisha kutenda jambo zito kabla hata hatujaisikia ndoto.

Anayesimulia pia hasimulii yote. Ndoto hufutika upesi, dakika chache baada ya kuamka imebaki vipande. Kwa hiyo mtu anayesimulia adhuhuri ndoto nzima na rangi zake, ama anaongopa ama ametiwa maneno na mwandishi. Mbakishie kipande kimoja, na akiweke mahali pasipo sahihi. Shabani akiulizwa anasema, "Nimeota nanawa mikono." Mwajuma amesikia vingine, na anajua kwamba amesikia vingine.

Hatua ya nane: baada ya kuamka

Fanya hivi: futa ndoto yote, kisha soma kilichobaki. Kama hadithi inakwenda vilevile na mwisho unafika vilevile, usiirudishe. Ndoto ya Shabani ikifutwa, Mwajuma hana cha kuuliza, na hadithi inasimama mahali hapo. Imepata ruhusa.

Halafu tafuta gharama. Usingizi uliopotea hulipwa mchana: chakula kimeungua, mtoto kachapwa bila kosa, dereva kakosa tuta. Usiwe mwepesi wa kumlaza mhusika mwishoni usingizi wa amani, hasa aliyekiri jambo. Kukiri hakutibu saa ya mwili iliyovurugwa na zamu za miaka. Shabani akisema kweli leo, kesho bati litakuwa na moto uleule.

Kwenye kuhariri, pitia maneno haya na ujiulize kama unayahitaji: ghafla, jasho jembamba, giza totoro, moyo ulimdunda, akagutuka. Hayana ubaya; yametumika mpaka hayasikiki. Mahali pa "akagutuka" andika alichokifanya mkono wake. Kisha msomee mtu kwa sauti, umsimamishe katikati ya ndoto, umuulize, "Hapa tuko wapi?" Akijibu vizuri bila wewe kumwambia, mlango wa kuingilia ndotoni umekaa sawa.

Mwisho, kama umetaja ugonjwa wa kweli au dawa ya kweli, mpe nesi au daktari unayemfahamu asome ukurasa huo tu kabla hujatuma hadithi popote. Muulize mambo mawili: je, mgonjwa wa namna hii angetenda hivi, na je, angetenda saa hii? Akikwambia saa si yenyewe, rudi kwenye ile karatasi ya ratiba uanzie hapo kurekebisha.